Tui Likikatika Ndani ya Bakteria

Ukitia kasimile kwenye mchuzi wa pweza kisha ukaondoka jikoni, ukirudi utalikuta tui limekatika. Juu zimeshikana chembechembe nyeupe na mafuta yanaelea, chini yamebaki maji. Protini za nazi, ambazo ndizo zinazoyazuia mafuta yasijitenge na maji, zimepigwa na moto zikafunguka, na zilipofunguka zikanasana. Mpishi yeyote wa Wete au Mkoani atakwambia tui lililokatika halirudi, ukoroge usikoroge.

Ndani ya bakteria jambo hilohilo hutokea bila ya moto. Ila tui la bakteria, kwa anayejua namna, hurudi. Dawa kadhaa zinazouzwa duniani kote zimepatikana kwa kulirudisha.

Ribosomu (mashine za kutengeneza protini) za E. coli, bakteria anayetumiwa sana maabara, huunga asidi amino, yaani viungo vya protini, 15 hadi 20 kwa sekunde. Uzi unaotoka lazima ujikunje: sehemu zinazokimbia maji zijifiche ndani, zinazopenda maji zikae nje. Lakini humo hakuna nafasi. Mililita moja ya uji wa ndani ya bakteria ina takriban miligramu 300 za molekuli kubwa, mithili ya daladala ya jioni ya kwenda shamba. Uzi ambao haujamaliza kujikunja ukikutana na mwenzake aliye wazi vilevile, sehemu zinazokimbia maji hugandana zenyewe kwa zenyewe. Bakteria anao wasaidizi wa kuzuia hilo, chaperoni kama DnaK na GroEL, na ClpB ambaye akishirikiana na DnaK huweza kung'oa uzi mmoja mmoja kutoka kwenye rundo. Wasaidizi hao wanatosha kwa kazi za kawaida za nyumbani. Ukimtia bakteria jeni ya binadamu chini ya promota ya T7, yaani swichi ya jeni iliyotoka kwa kirusi cha bakteria, ambayo polimerasi yake (kimeng'enya cha kunakili jeni) hunakili kwa kasi mara kadhaa kuliko ya bakteria mwenyewe, umemletea wageni wa harusi nzima kwenye jiko la watu wanne. Ongeza tena kwamba uji wa ndani ya E. coli hauruhusu vifungo vya salfa kwa salfa kufungika, na protini nyingi za binadamu bila vifungo hivyo hazisimami. Matokeo yake ni bonge moja au mawili, aghlabu kwenye ncha za bakteria, yenye upana wa sehemu ya mikromita hadi zaidi kidogo ya mikromita moja.

Maabara huyaita inklusheni bodi. Hapa nitayaita mabonge. Mwaka 1975 Alfred Goldberg na wenzake waliyaeleza kwa bakteria waliolishwa asidi amino za bandia, na mwaka 1982 zikachapishwa picha za E. coli waliokuwa wakitengeneza insulini ya binadamu, matumbo yamejaa mabonge hayo.

Miongozo mingi ya maabara huyaweka mabonge kwenye sura ya matatizo, na ushauri wake wa kwanza ni kushusha joto la ukuzaji hadi nyuzi 16 au 18 usiku kucha ili protini ibaki majini. Ushauri si mbaya kwa aliye na kitikisio chenye ubaridi na umeme usioyumba. Sisi wa Zanzibar umeme wetu unakuja kwa waya chini ya bahari. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya kwenye njia hiyo, na Pemba haikuungwa kutoka Tanga mpaka 2010. Kukuza bakteria kwa nyuzi 18 wakati wa joto la kaskazi ni kupigana na chumba kizima. Mabonge yanataka nyuzi 37 na saa nne za mchana. Ndiyo maana nasema mwanafunzi wa visiwani anayetaka protini ya kufanyia kipimo aanze na mabonge kwa makusudi, asisubiri yamtokee.

Ukuzaji wenyewe haunyimi usingizi. Kwa lita moja ya LB, chakula cha bakteria, ni gramu 10 za triptoni, gramu 5 za dondoo la hamira na gramu 10 za chumvi. Igawe kwenye chupa nne za lita moja, mililita 250 kila moja, maana chupa ikijaa zaidi ya robo hewa haiingii na bakteria hawafiki. Tumia aina ya E. coli iitwayo BL21(DE3) yenye plasmidi (kiduara cha DNA kinachobeba jeni yako) inayohimili dawa ya kanamaisini, na dawa hiyo uitie mikrogramu 50 kwa mililita. Kama plasmidi yako ni ya ampisilini, jua kwamba bakteria wenyewe hutoa kimeng'enya kinachoila dawa hiyo. Baada ya saa chache dawa imekwisha na waliotupa plasmidi huanza kuwashinda waliyoishika. Kabenisilini huvumilia zaidi. Ukungu ukifika 0.6 kwenye mwanga wa nanomita 600, tia IPTG, inayowasha jeni, ifike milimola 1, acha nyuzi 37 kwa saa tatu hadi nne, kisha zungusha kwenye sentrifuji. Tarajia gramu 3 hadi 5 za bakteria wabichi.

Kabla ya kusonga mbele hakikisha kweli ni mabonge. Chini ya hadubini ya fezi huonekana kama nukta zinazong'aa ndani ya bakteria. Njia ya pili ni jeli inayopanga protini kwa ukubwa: sampuli ya bakteria wazima, sampuli ya maji ya juu baada ya kuwavunja, na sampuli ya mashapo. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Bakteria ambaye hakuvunjika hushuka chini pamoja na mabonge, kwa hiyo protini iliyo majini kabisa ndani ya bakteria mzima itaonekana kwenye mashapo, nawe utasema umepata mabonge. Angalia protini za kawaida za bakteria kwenye safu ya mashapo. Zikiwa nyingi karibu sawa na kwenye safu ya bakteria wazima, hukuvunja, umezungusha tu.

Kuvunja: chukua gramu 4 za bakteria, zikoroge kwenye mililita 40 za bafa (maji yanayoshikilia pH) ya Tris milimola 50, pH 8.0, chumvi milimola 100, EDTA milimola 1, na lisozimu, kimeng'enya kinachotoboa ukuta wa bakteria, miligramu 1 kwa mililita. Acha nusu saa. Ikiwa bakteria waliwahi kugandishwa na kuyeyushwa kazi inakuwa nyepesi zaidi. Utaona maji yanageuka mlenda. Huo si ugonjwa, ni DNA iliyotoka nje. Yapige kwa mawimbi ya sauti, sekunde 10 kazi na sekunde 20 mapumziko, chombo kikiwa ndani ya barafu, mpaka mlenda uishe na matone yaanguke kama maji. Mwenye kutumia DNaseI badala ya mawimbi akumbuke kwamba kimeng'enya hicho kinataka magnesiamu, na EDTA huinyang'anya. Tia magnesiamu milimola 5 hadi 10, yaani izidi EDTA, la sivyo utakaa saa zima ukiutazama mlenda uleule.

Sasa zungusha dakika 20 kwa 12,000 g. Mabonge yana msongamano wa karibu gramu 1.3 kwa mililita, ndiyo maana huzama upesi kuliko vipande vingi vya utando. Tahadhari, g ni nguvu ya mvutano, si mizunguko. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 8 ikienda mizunguko 10,000 kwa dakika inatoa karibu 8,900 g. Ndogo kuliko hiyo inatoa pungufu. Utaratibu ulioandikwa kwa mizunguko bila kutaja rota ni sawa na mapishi yanayosema "tia kikombe" bila kusema kikombe gani.

Kuosha ndiko kunakoleta usafi, na ndiko kunakofanywa kwa haraka isiyo na sababu. Mashapo ya kwanza huwa na rangi ya kahawia, na juu yake kuna tabaka laini linaloteleza: huo ni utando wa bakteria. Yakoroge kwa bafa ileile yenye Triton X-100, sabuni ya maabara, asilimia 1 na yurea mola 1, mililita 40, na usiache donge hata moja, maana ndani ya donge uchafu hauguswi. Pitisha kwenye bomba la sindano mara kadhaa ikibidi. Zungusha, mwaga, rudia. Mara ya tatu osha kwa bafa tupu isiyo na Triton. Mara hii ya tatu wengi huiruka, kisha wanashangaa kipimo cha mwanga wa nanomita 280 kinawaonyesha protini mara tatu ya iliyopo: Triton yenyewe hunyonya mwanga huo. Ukimaliza, mashapo yamekuwa meupe na mazito kama chokaa iliyoloweshwa, na sehemu yake kubwa ni protini yako moja. Hukutumia safu yoyote ya kuchujia. Umetumia uzito na sabuni.

Yagawe mafungu ya gramu moja na uyaweke kwenye friza. Ndani ya bonge vimeng'enya vinavyokata protini hupata tabu kuingia, kwa hiyo umeme ukikatika usiku mmoja na friza haikufunguliwa, kesho utakuta mali yako ipo.

Kuyeyusha kunataka yurea mola 8 au guanidini hidrokloridi mola 6. Yurea mola 8 ni gramu 480 kwa lita, na anayeanza na mililita 800 za maji atazidi lita kabla hajamaliza, maana yurea yenyewe inachukua nafasi kubwa. Anza na mililita 550. Chombo kitakuwa baridi mkononi kwa sababu yurea ikiyeyuka hunyonya joto, na hapo ndipo kishawishi cha kuiweka juu ya jiko la maabara. Ipashe kwa maji ya uvuguvugu tu. Yurea ikipata joto au ikikaa siku nyingi hutoa sayanati, nayo hung'ang'ania kwenye amino za protini na kuziongezea daltoni 43 kila moja. Protini ya namna hiyo inaweza isijikunje tena vizuri, na ikijikunja haifanani na ile uliyokusudia. Tengeneza siku ya kutumia. Bafa ya Tris inasaidia kwa kuwa nayo ina amino ya kumezwa na sayanati.

Kuna atakayeuliza kuhusu yurea ya mbolea, ile ya kwenye mpunga wa Cheju. Molekuli ni ileile, lakini mfuko umekaa ghalani kwenye unyevu na joto, una baiyureti, uchafu utokanao na yurea yenyewe, na hujui kingine kilichomo. Weka kwenye mpunga.

Guanidini ina nguvu zaidi na haina tatizo la sayanati, ila ni ghali na ina tabia moja mbaya: ikikutana na SDS, sabuni ya kwenye jeli, hugeuka mashapo, kwa hiyo sampuli yake ukiipeleka moja kwa moja kwenye jeli visima vinaziba na safu zinapinda. Toa guanidini kwanza.

Kwa gramu moja ya mabonge tumia mililita 10, na tia DTT milimola 20 kufungua vifungo vya salfa vilivyojifunga ovyo. Angalia pH iwe 8 au 8.5. DTT hufanya kazi ikipoteza hidrojeni yake, na kwenye pH 7 sehemu kubwa haijaipoteza. Koroga saa moja au mbili kwenye joto la chumba, zungusha tena, na chukua maji ya juu.

Mwaka 1972 Christian Anfinsen alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya ribonukliasi. Kimeng'enya hicho kikifunguliwa kwa yurea mola 8 na merkaptoethanoli, kisha vitu hivyo vikaondolewa, hurudi chenyewe kwenye umbo na kazi yake. Maelekezo ya umbo yamo ndani ya uzi. Lakini ribonukliasi ni mtoto mtulivu. Protini nyingi zikiondolewa yurea hukimbilia kugandana tena, na sababu ni ya hesabu. Kujikunja ni kazi ya molekuli moja peke yake, hivyo kasi yake haijali wenzake ni wangapi. Kugandana kunataka molekuli mbili au zaidi zikutane, kwa hiyo ukiongeza wingi mara mbili migongano huongezeka mara nne. Anayetaka kuokoa bafa kwa kufanya kila kitu kwenye chombo kidogo anailipa hesabu hiyo.

Tuseme una mililita 10 zenye protini miligramu 10 kwa mililita, jumla miligramu 100. Unataka ifike miligramu 0.05 kwa mililita. Hiyo ni lita 2, ndoo ndogo nzima. Ndani yake weka Tris milimola 50, pH 8.3, EDTA milimola 1, glutathioni, ambayo husaidia vifungo vya salfa kufunga na kufunguka mpaka vikae sawa, iliyo wazi milimola 5 na iliyofungwa milimola 0.5, na arginini hidrokloridi mola 0.4, ambayo kwa lita 2 ni karibu gramu 169. Ukinunua arginini tupu isiyo ya hidrokloridi, pH itapanda kupita kiasi mpaka uishushe kwa asidi. Watu wameua protini hapo. Arginini haisaidii kujikunja, inazuia kushikana. Poza ndoo hadi nyuzi 4, koroga kwa kasi isiyotoa povu, na dondosha protini tone kwa tone.

Litazame tone linapoingia. Likizama na kutoweka, endelea. Likiacha nyuma yake uzi mweupe kama moshi wa ubani, na uzi huo haupotei baada ya dakika moja, simama hapo hapo: wingi umezidi, au pH imekaribia ile ambayo protini yako haina chaji. Kwa protini korofi gawa mafungu, tia sehemu ya kumi, subiri saa moja, tia nyengine, ili zilizokwisha kujikunja zisiwe mtego wa zinazofuata.

Kosa moja husumbua kwa sababu halionekani. Ukizimua mara 200, kama hizo mililita 10 ndani ya lita 2, DTT yako ya milimola 20 inabaki 0.1, nayo ni ndogo kuliko glutathioni iliyofungwa. Ukizimua mara 10 tu, DTT inabaki milimola 2 na inaila glutathioni yote iliyofungwa. Hakuna kifungo kitakachofunga, na maji yatakuwa safi kabisa kama ya kisima. Maji safi si dalili ya ushindi. Protini iliyojikunja vibaya inaweza kuogelea bila ya kuonekana, kwa hiyo pima kazi yake, au ipitishe kwenye jeli isiyo na DTT uone kama inakimbia mbele kidogo ya ile iliyofunguliwa, kwa sababu iliyofungwa vizuri imeshikamana zaidi.

Kwa njia za aina hii, kila kiwanda na siri zake, zimepatikana filgrastimu inayopandisha seli nyeupe za damu (1991), interferoni beta-1b ya ugonjwa wa neva (1993) na reteplasi ya kuyeyusha damu iliyoganda moyoni (1996), yenye vifungo tisa vya salfa. Insulini ya binadamu ya kwanza kuuzwa, Humulin ya 1982, ilitengenezwa nyuzi mbili mbali mbali, kila moja imebebwa na protini kubwa ya bakteria, kisha ikakatwa kwa bromidi ya sianojeni, ambayo hukata penye methionini. Insulini haina methionini hata moja, kwa hiyo yenyewe haikuguswa. Baadaye njia iliyoshika ni ya proinsulini: uzi mmoja unajikunja na kufunga vifungo vyake vitatu, halafu vimeng'enya vya tripsini na kaboksipeptidasi B hukata kipande cha kati.

Bonge pia ni kizuizi. Peptidi inayoua bakteria itamuua anayeitengeneza, isipokuwa umeibandika kwenye protini inayopenda kuganda, kama ketosteroidi isomerasi, ikafungiwa ndani ya bonge isimguse mwenye nyumba.

Wala si kila bonge limekufa. Protini ing'aayo kijani hung'aa ikiwa ndani ya bonge, ushahidi kwamba baadhi ya molekuli humo zimejikunja sawasawa huku nyengine zikishikana kwa mpangilio unaofanana na amiloidi, yaani protini zilizojipanga zikawa nyuzi ngumu. Kundi la Antonio Villaverde, Barcelona, limefanya kazi kubwa juu ya jambo hili, pamoja na kuyatumia mabonge kama chembe zinazoachia protini polepole. Wengine hubandika kimeng'enya kwenye kipande kiitwacho TDoT, kutoka kwa Staphylothermus marinus anayeishi kwenye maji ya moto, na kimeng'enya kinaganda kikiwa bado kinafanya kazi. Kwa lipasi, kimeng'enya cha kukata mafuta, hii ni faida ya moja kwa moja: unaosha bonge, unalitia kwenye mafuta, kazi ikiisha unalizungusha na kulitumia tena, bila yurea, bila arginini. Kasi yake kwa kila miligramu hushuka, na hilo usifichwe na muuzaji yeyote.

Kwa visiwa vyenye kichocho na matende, matumizi yaliyo karibu zaidi ni antijeni za vipimo, yaani protini za kimelea zinazotambuliwa na kingamwili za mgonjwa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iko tangu 2000, na vipimo vya kingamwili si vigeni Pemba. Pale ambapo kingamwili inatambua kipande cha uzi ulionyooka, antijeni iliyoyeyushwa kwa yurea na kubandikwa kwenye sahani inatosha, huikunji upya wala hutumii gramu 169 za arginini. Pale inapotambua umbo, haitatosha, na majibu ya uongo yatakuwa mengi. Jaribu kwa seramu zinazojulikana kabla ya kuamua.

Mabaki nayo yana kanuni zake. Bakteria wauliwe kwa mvuke wa shinikizo nyuzi 121 kwa dakika 20. Maji ya guanidini yasimwagiwe jiki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi za sumu, na yasimwagwe kwenye shimo la nyuma. Mwamba wetu ni wa matumbawe na visima havipo mbali. Yakusanywe kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe kwa penseli juu ya karatasi iliyobandikwa, kwa sababu wino wa kalamu utafutwa na spiriti ya kwanza itakayomwagika.